Jua la angani lisigawanywe bila sisi wa ikweta

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo sijaliona likizungumzwa sana katika ukurasa huu wa barua. Jambo lenyewe ni mpango wa mataifa makubwa wa kuvuna nguvu za jua huko angani na kuziteremsha duniani ziwe umeme. Najua wapo watakaocheka. Watasema mzee huyu wa Ngara, aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi miaka mingi kwa taa ya kandili, leo anataka kuzungumzia umeme wa mbinguni. Nawaomba wasicheke upesi. Mambo mengi yaliyoliumiza bara letu yaliamuliwa mezani na watu wengine wakati babu zetu hawana habari hata kwamba meza yenyewe ipo. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 hakukuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika, na mipaka iliyotokana na tamaa za wakati ule ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna kitu kinataka kugawanywa, asingoje kwanza akione kwa macho.

Kwanza nieleze jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa darasa la saba. Paneli za jua tunazoziona juu ya mapaa ya nyumba zina udhaifu wa namna mbili. Usiku hazifanyi kazi, na mawingu yakitanda nguvu zake hupungua. Mwaka 1968 mhandisi mmoja wa Marekani, Peter Glaser, aliandika katika jarida la Science kwamba paneli hizo ziwekwe kwenye setilaiti mbali huko juu, mahali ambapo hakuna mawingu na jua huonekana karibu wakati wote. Umeme utakaopatikana ugeuzwe kuwa mawimbi ya jamii ya mawimbi ya redio, utumwe duniani, na huku chini upokewe na uwanja mkubwa wa antena utakaoyageuza mawimbi hayo kuwa umeme tena. Huko juu kila mita moja ya mraba hupata wati zipatazo 1,360 za mwanga wa jua. Hapa chini, saa sita mchana na bila wingu, tunapata kama wati 1,000, na usiku hatupati kitu.

Hiyo si ndoto tupu. Mwaka 1975 huko Goldstone, katika jimbo la California, wataalamu walipeleka zaidi ya kilowati 30 za umeme bila waya kwa umbali wa kilometa moja na nusu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, wizara ya nishati ya Marekani pamoja na shirika la anga la nchi hiyo, NASA, walichunguza mpango wa setilaiti 60, kila moja ikiwa na uwezo wa kutoa megawati 5,000. Ili msomaji apate picha, bwawa letu la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, ambalo ni fahari yetu sote, lina uwezo wa megawati 2,115. Yaani setilaiti moja tu ingezidi mabwawa mawili kama hilo.

Mpango huo uliwekwa kabatini kwa sababu ya gharama zake kubwa. Sasa umetolewa tena kabatini. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walifanya majaribio ya kutuma umeme kwa mawimbi, mmoja wa mitambo yao ukipeleka kilowati 10 umbali wa mita 500. Novemba 2022 nchi za shirika la anga la Ulaya zilikubaliana kugharamia uchunguzi uitwao SOLARIS. China imejenga mnara wa majaribio wenye urefu wa mita 75 katika Chuo Kikuu cha Xidian. Januari 2023 chuo cha Caltech cha Marekani kilipeleka angani chombo cha majaribio, na mwaka huohuo mawimbi ya chombo hicho yakapokewa juu ya paa la jengo la chuo mjini Pasadena. Ni kweli kwamba nguvu iliyopokewa ilikuwa ndogo mno, haikuweza hata kupasha moto birika la chai. Lakini hata ndege ya kwanza haikubeba abiria.

Sasa nifike kwenye swali lililonifanya nishike kalamu. Setilaiti hizo zitakaa wapi? Mipango mingi, ingawa si yote, inataka zikae kwenye njia moja iliyo umbali wa karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta. Sababu yake ni kwamba chombo kilichopo kwenye njia hiyo huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha, kwa hiyo kwa mtu aliye chini kinaonekana kama kimesimama mahali pamoja. Njia ya namna hiyo ni moja tu, nayo ipo juu ya ikweta. Hakuna nyingine juu ya Ulaya wala juu ya Japani.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba setilaiti ya kuhudumia Ulaya haiwezi kusimama juu ya Ulaya. Itasimama juu ya ikweta, katika longitudo zinazoelekeana na Ulaya. Msomaji achukue ramani ya dunia, aweke kidole Ujerumani au Polandi, kisha akishushe moja kwa moja mpaka ikweta. Kidole kitaangukia Gaboni au Kongo. Akisogea mashariki kidogo atakuwa Uganda, halafu Kenya. Kwa maneno mengine, jua la kuwasha majiko ya huko litavunwa juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao bado wanapikia kuni na mkaa.

Jambo hili viongozi wa nchi changa waliliona zamani. Tarehe 3 Desemba 1976, wajumbe wa nchi za ikweta, zikiwemo Colombia, Ecuador, Indonesia, Kenya, Uganda na Zaire ya wakati huo, walitia saini Azimio la Bogota. Walidai kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya nchi zao ni mali ya asili ya nchi hizo. Tanzania haikuwamo, kwa kuwa ikweta inapita kaskazini ya mpaka wetu. Mataifa makubwa yalilikataa dai hilo. Yalisema Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu.

Mimi si mwanasheria, lakini naona katika hoja hiyo kuna ukweli. Mbingu haziwezi kukatwa mapande kama shamba la migomba. Hata hivyo, mkataba huohuo, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, unasema kwamba matumizi ya anga za juu yawe kwa faida ya nchi zote, bila kujali kiwango chao cha maendeleo ya uchumi au ya sayansi. Katazo la kujimilikisha limo katika kifungu cha pili. Wanaopenda kutusomea kifungu cha pili wasiruke cha kwanza.

Na kelele za Bogota hazikupotea bure. Mwaka 1982 mkutano mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, ulifanyika Nairobi. Hapo ndipo maneno yaliongezwa katika mkataba wa shirika hilo kwamba matumizi ya njia hiyo ya setilaiti yazingatie mahitaji ya pekee ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya nchi fulani. Mwaka 1988 ukapitishwa mpango wa kuitengea kila nchi walau nafasi moja kwenye njia hiyo kwa ajili ya mawasiliano, hata nchi isiyokuwa na roketi. Fundisho ni dhahiri. Wanyonge walipopaza sauti mapema na kwa pamoja, walipata kitu. Lakini nafasi zile ni za simu na matangazo. Umeme wa kutoka angani haumo katika mgao ule. Ukianza kuvunwa kabla hatujasema neno, tutaambiwa kwamba waliotangulia ndio wenye haki.

Labda msomaji ataniuliza: kwani ushirikiano wa kimataifa haupo? Upo, tena wa majina mengi. Mwezi Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapo hapo Nairobi juu ya nishati mpya na nishati jadidifu, wakati nchi zetu zikiwa hoi kwa bei ya mafuta. Mwaka 2009 likaundwa shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lenye makao yake Abu Dhabi. Mwaka 2015, katika mkutano wa Paris, India na Ufaransa zilianzisha Muungano wa Kimataifa wa Jua, ambao mwanzoni ulikusudiwa kwa nchi zilizo kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, eneo ambalo Tanzania yote imo. Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuahidi, pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Hayo yote ni mema na mimi nayaunga mkono. Ninachouliza ni ushirikiano wa namna gani, maana neno hilo hilo moja hutumika kwa mambo yanayotofautiana kama usiku na mchana.

Nitatoa mifano. Mfano wa kwanza nimeuona kwa macho yangu. Zahanati moja ya huku kwetu ililetewa mitambo ya umeme wa jua na wafadhili kutoka nje. Siku ya kuifungua palikuwa na ngoma, hotuba na picha. Taa ziliwaka, na mkunga akaacha kuzalisha akina mama kwa mwanga wa tochi. Baada ya miaka isiyozidi mitatu betri zikafa. Hakuna aliyefundishwa kuzitunza, hakuna duka la karibu lililokuwa na vipuri vyake, na barua zilizoandikwa kwa wafadhili hazikujibiwa. Paneli zilibaki juu ya paa zikiwa nzima, jua likiwaka juu yake kila siku bila kazi, na chini yake mama anajifungua kwa tochi iliyoshikwa na shangazi yake. Simlaumu mfadhili kwa kutoa. Namlaumu kwa kutoa kitu bila kutoa ujuzi, na najilaumu mimi na wenzangu wa kamati ya kijiji kwa kupokea bila kuuliza. Ushirikiano wa namna hiyo ni sadaka, na sadaka huisha pale mtoaji anapochoka.

Mfano wa pili ni wa Malindi, katika pwani ya Kenya. Kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 Wataliano walirusha setilaiti 9 kutoka jukwaa lao la San Marco lililosimama baharini. Walipachagua mahali pale kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa nguvu zaidi, na mafuta yanaokolewa. Setilaiti mojawapo ya Marekani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Jina likawa letu, chombo kikawa chao. Zaidi ya miaka 50 baadaye, tarehe 15 Aprili 2023, Kenya iliporusha setilaiti yake ya kutazama ardhi iitwayo Taifa-1, ilibidi ikarushiwe California. Mahali pazuri pa kurushia tunapo, lakini kuwa na mahali si kuwa na ujuzi. Tukilisahau hilo, katika umeme wa angani tutatoa mahali tena na kubaki na jina.

Mfano wa tatu ni wa jangwa la Sahara. Mwaka 2009 makampuni makubwa, mengi yakiwa ya Ujerumani, yaliungana katika mpango uliojulikana kwa jina la Desertec. Yalitaka kuvuna jua la Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati ili ifikapo mwaka 2050 Ulaya ipate humo kama asilimia 15 ya umeme wake. Miaka mitano baadaye wenye hisa wengi walikuwa wamekwisha kujitoa, na ndoto ile kubwa ikaisha. Mpango unaobuniwa kwa haja ya mnunuzi peke yake huanza kwa kelele za mnunuzi, na hufa siku mnunuzi anapobadili mawazo.

Mfano wa nne ni wa hapa kwetu, nao ndio unaonipa moyo. Katika maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, hapa wilayani Ngara kwenye mpaka wetu na Rwanda, umejengwa mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80. Serikali za Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda kampuni ya pamoja yenye hisa sawa, na umeme unagawanywa kwa theluthi, kila nchi ikipata megawati zisizofika 27. Mtu asidharau udogo wake. Burundi ni nchi ndogo, lakini haikuambiwa ichukue kidogo. Tanzania ni kubwa, lakini haikudai kingi. Mto haukuulizwa ni wa nani. Ulihesabiwa kuwa ni wa wote watatu, na hesabu ikafuata. Ikiwa wakulima wa kahawa na migomba wa nchi tatu wanaweza kugawana mto mmoja kwa haki, sioni kwa nini wataalamu wa mataifa yenye roketi washindwe kugawana njia moja ya angani.

Sasa niwajibu wanaosema kwamba mpango huu wa angani ni anasa ya matajiri. Katika hilo sibishani nao sana. NASA wenyewe walitoa taarifa Januari 2024 wakikadiria kwamba umeme wa aina hiyo, kwa michoro miwili waliyoipima, ungegharimu mara 12 hadi 80 zaidi ya umeme wa jua au wa upepo unaozalishwa ardhini. Kwa hiyo mtu akija kesho kutaka serikali yetu itoe fedha za wananchi kwa ajili ya setilaiti hizo, mimi nitakuwa wa kwanza kupinga. Wakati huohuo bei ya umeme wa paneli za kawaida imeshuka kwa kiasi cha asilimia 90 tangu mwaka 2010. Katika Afrika watu wapatao milioni 600 hawana umeme. Hawa hawawezi kuambiwa wangoje roketi.

Ndiyo maana nasema jua la kwanza kulivuna ni hili linalotupiga utosini. Kazi imekwisha kuanza. Huko Kishapu, mkoani Shinyanga, unajengwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 kwa awamu. Kenya ina mtambo wa megawati zaidi ya 50 huko Garissa. Tangu Novemba 2022 umeme wa Ethiopia unakuja Kenya kwa njia ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilometa 1,045, na gridi ya Kenya imeunganishwa na yetu kwa njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Hapa ndipo penye siri. Jua likitua Garissa, maji ya Ethiopia na ya Rufiji bado yanashuka. Mvua ikikosekana Rufiji, jua la Shinyanga huwa kali zaidi. Nchi zikiunganisha nyaya zake, udhaifu wa jua la ardhini unapungua sana, na sababu ya kulikimbilia jua la angani nayo inapungua. Na nyaya hizo haziko umbali wa kilometa 36,000.

Lakini kusema kwamba jambo halitufai leo si kusema kwamba halituhusu. Bei za roketi zinashuka. Kilichokuwa ghali mno miaka ya 1970 kinaweza kuwa cha kawaida miaka ya 2050, na watoto niliowafundisha kusoma watakuwa ndio wazee wa wakati huo. Kanuni huandikwa kabla ya biashara kushamiri. Zikiandikwa sisi hatupo, tutazisoma tu.

Tena kuna suala la ardhi, ambalo kwa mkulima ni zito kuliko la mbingu. Katika mpango ule wa Marekani, uwanja mmoja tu wa kupokea mawimbi ulichorwa kuwa na upana wa kilometa 10 na urefu wa kilometa 13, yaani zaidi ya hekta 10,000. Karibu na ikweta mawimbi yanashuka wima, kwa hiyo uwanja unaweza kuwa mdogo zaidi na nafuu zaidi. Basi msomaji atambue kwamba siku jambo hili likiiva, kuna watu watakaozitazama nchi zetu kwa jicho lile lile walilolitumia kuutazama ufukwe wa Malindi. Walioichora mipango hiyo wanasema nguvu ya mawimbi katikati ya uwanja itakuwa kama robo ya mwanga wa jua la mchana, na kwamba chini ya antena panaweza hata kulimwa. Inawezekana. Lakini hayo yathibitishwe mbele ya wananchi wanaohusika, kwa lugha wanayoielewa. Isiwe mtu anaamka asubuhi anakuta mabango yamesimikwa shambani kwake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikae pamoja na kuwa na msimamo mmoja juu ya umeme wa angani, kisha ziupeleke katika Umoja wa Mataifa na katika shirika la ITU. Uganda, Kenya na Kongo, ambazo ikweta inapita juu yake, zote zimo katika Jumuiya. Sisi tuliopakana nazo tuziunge mkono. Mwaka 1976 nchi hizo zilikwenda Bogota bila Jumuiya kusimama nyuma yake. Safari hii zisiende peke yake.

Pili, msimamo wenyewe usiwe wa kudai kumiliki mbingu, maana dai hilo lilikwisha kushindwa. Uwe wa kudai fungu. Taifa au kampuni yoyote itakayovuna umeme kwenye njia iliyo juu ya ikweta itenge sehemu ya umeme huo, au ya thamani yake, kwa ajili ya nchi maskini. Hesabu ya Rusumo itumike kama mfano kwamba kugawana kunawezekana.

Tatu, kila mradi wa nishati unaoletwa kwa jina la ushirikiano, uwe wa ardhini au wa angani, uambatane na mafunzo, vipuri na ratiba ya kuwakabidhi wazalendo. Mradi usiokuwa na fundi wa hapa nchini usizinduliwe. Afadhali tuchelewe mwaka mmoja tukiwafundisha vijana wanne, kuliko kucheza ngoma leo na kurudi kwenye tochi keshokutwa.

Nne, vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu vifundishe somo hili. Tuna vijana hodari wanaotengeneza redio na simu chini ya miembe bila cheti chochote. Umoja wa Afrika sasa unalo Shirika la Anga la Afrika, lililozinduliwa Cairo mwezi Aprili mwaka 2025. Vijana wetu wapelekwe huko, na wakirudi wapewe kazi inayolingana na ujuzi wao, wasirundikwe ofisini kuandika mihtasari ya vikao.

Tano, ardhi ya vijiji isitolewe kwa mradi wowote wa namna hii bila mkutano mkuu wa kijiji kuelezwa na kukubali, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka wanakijiji washirikishwe.

Ndugu zangu wasomaji, mimi umri wangu umekwenda, na setilaiti ya megawati 5,000 sitaiona. Pengine hata wanangu hawataiona, na pengine wataalamu watagundua kwamba haifai kabisa. Sitasikitika. Nitakachosikitikia ni kama itafaa, ikapanda juu, ikasimama usiku na mchana juu ya Afrika ikipeleka nuru kwingine, na mjukuu wangu akauliza kwa nini babu na wenzake hawakusema lolote wakati kanuni zikiandikwa. Sipendi ajibiwe kwamba tulikuwa tukicheka.

Zahanati ile niliyoitaja sasa imepata betri nyingine, kwa mchango wa wanakijiji wenyewe, na kijana mmoja aliyesoma ufundi ndiye anayezitunza. Taa zinawaka. Kazi ile haikuhitaji mkutano wa kimataifa. Ilihitaji watu kujua kilichopo juu ya paa lao ni cha nani, na kinafanyaje kazi. Naomba mataifa ya ikweta nayo yajue hivyo hivyo juu ya kilichopo juu ya paa lao.

Natumaini wahusika wameipata barua hii, na wasomaji wenye mawazo tofauti watanijibu katika ukurasa huu huu.

Mwalimu Mstaafu,
Ngara, Kagera.